Umehamishwa kikazi na kodi haijaisha: dhana potofu na ukweli

Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, mpangaji hulipa kodi ya miezi 3, 6 hata 12 kwa mkupuo. Barua ya uhamisho haiangalii tarehe hizo, na hapo ndipo ushauri wa vijiweni unapoanza kumwagika.

Dhana: Barua ya uhamisho inavunja mkataba wa pango.

Haivunji. Mwajiri wako hakusaini mkataba huo. Nyumba ipo na inakalika; kupangiwa Songea ni jambo lako na ofisi, kama ilivyo posho ya uhamisho. Unachotakiwa kutafuta ni kipengele cha notisi. Mikataba ya karatasi moja inayochapwa stesheneri huwa inataja notisi ya mwezi 1 au miezi 3, kisha inanyamaza kimya kuhusu kodi iliyobaki. Mwenye kazi ya kuhamahama aongeze sentensi hii kabla ya kulipa, maana akishalipa hana tena cha kumshawishi mwenye nyumba: "Mpangaji akihamishwa kikazi atatoa notisi ya siku 30, na atarejeshewa kodi ya miezi kamili iliyobaki ndani ya siku 30 tangu akabidhi funguo."

Dhana: Ukihama, kodi iliyobaki imeliwa. (Au kinyume chake: lazima urudishiwe yote.)

Zote mbili si sahihi. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara aliyopata, na katika kuipima huangaliwa pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Hata mkataba ukiandika faini, kifungu cha 74 hutoa fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi faini hiyo.

Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na umelipa 1,800,000 za Machi hadi Agosti. Mkataba haukuweka notisi. Umehama Mei 31, kwa hiyo 900,000 ni za miezi usiyokaa. Mpangaji mwingine akaingia Julai 1 kwa kodi ileile. Hasara ya mwenye nyumba ni Juni tu, na unayo hoja ya kudai 600,000. Kama mwezi Mei ulimletea watu wenye pesa mkononi akawakataa bila sababu, hata Juni yake ina walakini.

Tatizo ni kwamba pesa yako huenda ilishageuka bati na saruji zamani. Ndiyo maana njia inayofanya kazi ni kumleta mpangaji mpya wewe mwenyewe. Yeye anamlipa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakulipa siku hiyohiyo kutoka kwenye fedha hizo, kila mmoja akisaini. Dalali atasaidia kwa furaha, kwani anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa mgeni. Ile uliyompa wewe mwanzoni usitarajie kurudishiwa.

Dhana: Nitamwachia rafiki amalizie miezi iliyobaki.

Mikataba mingi inakataza kupangisha mtu mwingine bila idhini. Rafiki akivunja sinki, wa kuulizwa ni wewe uliye Songea. Omba idhini kwa maandishi. Bora zaidi, rafiki aandikiwe mkataba wake na wako ufungwe.

Dhana: Nilimpigia simu, hiyo ni notisi.

Simu inakanushwa. Andika nakala 2, zenye tarehe ya barua, tarehe ya kuondoka na kiasi cha kodi kilichobaki. Yako isainiwe na aliyepokea. Mwenye nyumba akiwa mbali, tuma picha ya barua kwa WhatsApp na utunze jibu lake. Siku huanza kuhesabiwa anapopokea.

Kama mkataba uliisha na mnaendelea kulipana mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inauhesabu kuwa upangaji wa vipindi: notisi isipungue kipindi kimoja na iishie siku ya kulipa kodi. Kwa mlipaji wa tarehe 1 anayetoa notisi tarehe 10 Juni, upangaji hauishi Julai 10. Unaisha Agosti 1.

Dhana: Mwenyekiti wa mtaa ataamuru nirudishiwe.

Anaweza kushuhudia na kusuluhisha, si kuamuru. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, hata Baraza la Kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, kwa siku 30. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Dhana: Nikishatoa vyombo, nimehama.

Ukiwa bado na funguo, bado unahesabiwa umo ndani. Kabidhi za geti, mlango mkubwa na kila chumba, idadi iandikwe na kusainiwa. Piga picha kuta, vyoo, na mita ya maji ikionyesha namba, kwa sababu bili ya mwisho hufika ukiwa umeshaondoka na hugeuzwa kisingizio cha kukata pesa yako. Umeme wa LUKU ulioingizwa kwenye mita hauhamishiki, kwa hiyo wiki mbili za mwisho nunua kidogokidogo.