Je, wajua kwa nini wachapishaji wadogo wa katuni hutangaza vitabu ambavyo bado havijachapwa?

Anayefuatilia taarifa za mchapishaji huru wa katuni nchini Marekani, kwa mfano Fantagraphics ya Seattle, hugundua upesi kwamba sehemu kubwa ya habari hizo inahusu vitabu ambavyo bado havipo. Jalada limekwisha kuonyeshwa, kurasa chache za mwanzo zimetolewa zisomwe bure, bei imetajwa, na pengine mhakiki ameshaisifu au kuikosoa kazi nzima, ilhali kitabu chenyewe kitafika dukani baada ya miezi miwili au zaidi. Ni rahisi kudhani kwamba hizo ni mbwembwe za biashara. Ukweli ni kwamba desturi hiyo ilizaliwa na swali moja gumu la fedha: kitabu kisiponunuliwa, hasara ni ya nani?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hasara ilikuwa ya mchapishaji. Majarida ya katuni yaliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, na muuzaji alikuwa na haki ya kurudisha yale yaliyododa, kama wauza magazeti wa Dar es Salaam wanavyorejesha kwa wakala nakala za jana. Ili kupunguza gharama za usafiri, muuzaji alichana jalada au sehemu yake ya juu na kuirudisha kama ushahidi, kisha jarida lenyewe likatupwa. Baadaye hata jalada halikudaiwa tena, yakatosha maandishi ya kiapo kwamba nakala kadhaa zimeharibiwa, na haikuchukua muda kabla ya kuzuka tuhuma kwamba baadhi ya nakala “zilizoharibiwa” zilikuwa zikiuzwa kwa mlango wa nyuma. Katika utaratibu huo mchapishaji alilazimika kuchapa nakala nyingi mno kuliko alizotarajia kuuza, akasubiri miezi kadhaa kujua kama amepata au amekosa. Kampuni kubwa kama Marvel na DC ziliweza kuvumilia hali hiyo. Mchoraji mwenye akiba ya dola elfu moja hakuweza hata kuanza.

Aliyevunja utaratibu huo hakuwa mfanyabiashara mkubwa, bali Phil Seuling, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari huko Brooklyn, aliyekuwa pia akiandaa makongamano ya wapenzi wa katuni mjini New York. Alikubaliana na wachapishaji wamuuzie majarida moja kwa moja kwa punguzo kubwa kuliko la kawaida, naye akaahidi kwamba hatarudisha hata nakala moja. Maduka maalumu ya katuni, ambayo yalikuwa yakianza kuchipuka, yakafuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye duka aliwajua wateja wake na aliamini kwamba nakala isiyouzwa leo ingeweza kuuzwa mwakani kama toleo la zamani.

Matokeo yake kwa wachapishaji wadogo yalikuwa makubwa kuliko ambavyo Seuling mwenyewe angeweza kukadiria. Ikiwa maduka yanaagiza kwanza na hayarudishi, mchapishaji anaweza kukusanya oda, akazijumlisha, kisha akapeleka kazi kiwandani akijua ni nakala ngapi zimekwisha kupata mnunuzi. Ndivyo Dave Sim wa Kanada alivyoweza kuanza kujichapishia jarida lake la katuni, Cerebus, mwaka 1977 na kuiendeleza hadi toleo la 300 mwaka 2004. Ndivyo pia Kevin Eastman na Peter Laird walivyoweza kutoa Teenage Mutant Ninja Turtles, katuni ya kobe wapiganaji, mwaka 1984 kwa fedha za kuungaunga, wakachapa nakala zipatazo 3,000 na kulipia tangazo katika gazeti la wapenzi wa katuni. Hapo ndipo jibu letu lilipo: oda haziwezi kukusanywa kwa kitabu ambacho hakuna aliyekisikia, kwa hiyo habari ni lazima itangulie mtambo wa kuchapia.

Upande wa pili wa kaunta, hata hivyo, hasara ilikuwa imehamia kwa mwenye duka, tena bila kupungua. Mafanikio ya wale kobe yalizua mafuriko ya majarida ya rangi nyeusi na nyeupe, mengi yakiwa ya kuigiza tu, na kufikia mwaka 1987 maduka yalikuwa yamebeba shehena ambazo hakuna aliyezitaka na ambazo hazikuwa na pa kurudi. Mwenye duka aliyeungua hivyo haagizi tena kwa kuangalia jalada pekee. Anataka kuona kurasa za ndani, na anataka kumsikia mtu asiye mwuzaji akisema kwamba kazi hii inafaa. Uhakiki wa mapema humsaidia msomaji, lakini mlengwa wake wa kwanza mara nyingi ni yule anayeshika kalamu na fomu ya oda.

Historia ya Fantagraphics inaonyesha jambo hilo vizuri, maana kampuni hiyo ilianza na uhakiki kabla ya kuwa mchapishaji wa katuni. Gary Groth na Michael Catron waliianzisha mwaka 1976, na kazi yao ya kwanza ilikuwa jarida la habari na tahakiki, The Comics Journal, lililojulikana kwa ukali usiojali urafiki. Mwaka 1981 ndugu watatu wa familia ya Hernandez kutoka Oxnard, California, walijichapishia kijitabu na kukituma kwenye jarida hilo ili kihakikiwe. Groth alikisoma, akapendezwa, na mwaka 1982 Fantagraphics ikakitoa upya kwa jina lile lile la Love and Rockets, ambalo limebaki kuwa nguzo ya kampuni. Bila shaka ipo hitilafu mchapishaji anapomiliki pia jarida linalowahukumu washindani wake, na wapo waliolalamika. Kwa maoni yangu hitilafu hiyo ni ya kweli, ingawa ukali wa jarida hilo ulifanya sifa zake zithaminiwe kuliko za majarida yaliyosifu kila kitu.

Mchapishaji anayezungumza na wasomaji wake mara kwa mara hupata pia faida nyingine ambayo haionekani mpaka siku ya dhiki. Mwaka 2003, baada ya msambazaji wao wa maduka ya vitabu kufilisika, Fantagraphics waliwaeleza wasomaji hadharani kwamba wana madeni na kuwaomba wanunue vitabu vilivyomo ghalani. Wasomaji waliitika, kampuni ikanusurika, na mwaka uliofuata ikaanza kuchapa mkusanyo kamili wa Peanuts, katuni maarufu ya magazetini ya Charles Schulz.

Kwa miaka mingi oda zote hizo zilipitia karibu mlango mmoja, yaani kampuni ya usambazaji ya Diamond, ambayo tangu mwaka 1997 ilikuwa imebaki bila mshindani wa maana. Katalogi yake ya kila mwezi ilikuwa na mamia ya kurasa, wakubwa wakiwekwa mbele na wadogo wakipangwa nyuma kwa alfabeti, na tangu mwaka 2009 kitabu ambacho oda zake hazikutarajiwa kufikia dola 2,500 kilikuwa hatarini kukataliwa. Habari na uhakiki nje ya katalogi vilikuwa njia ya kumfanya mwenye duka afike kwenye ukurasa huo wa nyuma akiwa tayari anajua anachotafuta. Mwezi Januari 2025 Diamond iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na baadaye ikataka iruhusiwe kuuza vitabu vya wachapishaji vilivyokuwa katika maghala yake, jambo ambalo wachapishaji wengi walilipinga. Sasa wasambazaji ni kadhaa, kila mmoja na orodha yake na tarehe zake za mwisho za oda, na mchapishaji mdogo analazimika kulitaja mapema zaidi, na mahali pengi zaidi, jina la kitabu ambacho bado kiko juu ya meza ya mchoraji.