Kwa nini msuli wa mguu hukaza usiku, tena ukiwa umelala tu?

Saa tisa usiku. Umejinyoosha kidogo kitandani, vidole vya mguu vikaelekea chini, na ghafla shavu la mguu linakaza kama jiwe. Ukiligusa unakuta nundu ngumu imejikunja chini ya ngozi. Unauma shuka usije ukaamsha nyumba nzima. Baada ya dakika moja au mbili linaachia, lakini asubuhi unachechemea kama uliyepigwa teke.

La ajabu ni kwamba mchana kutwa umepanda ngazi, umesimama kwenye daladala kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, na msuli huo huo haukulalamika. Mbona usubiri ulale?

Lawama nyingi tunautupia msuli, kumbe mwenye makosa zaidi ni neva. Msuli haujikunji bila amri, na amri zinatoka kwenye uti wa mgongo kupitia neva. Wakati wa mkazo, vipimo vya umeme wa misuli huonyesha neva hizo zikifyatua amri mfululizo, kwa kasi kubwa, bila mwenye mguu kutaka. Kwa kawaida kuna breki: ndani ya kano, kamba ngumu zinazoufunga msuli kwenye mfupa, kuna vihisio vinavyoupasha habari uti wa mgongo kwamba mvuto umezidi, legeza. Sasa, kano iliyolegea haina cha kuripoti.

Hapo ndipo kitanda kinapoingia. Lala chali utazame miguu yako: vidole havielekei darini, vinainamia mbele. Ukilala kifudifudi ndiyo kabisa. Ongeza blanketi zito, au chandarua kilichochomekwa barabara chini ya godoro kikasukuma nyayo, na shavu la mguu linakaa limefupika usiku kucha. Msuli uliokwisha kufupika, ukipata amri ndogo tu ya kujivuta zaidi, unajifunga fundo na breki haishiki. Ndiyo maana wengi hushikwa pale pale wanapojinyoosha usingizini. Haya siyo maelezo pekee yanayotolewa, ila mimi nayaamini kwa sababu yanaendana na tiba ya papo hapo: vuta vidole kuelekea goti. Tumbo likikuzuia kuinama, pitisha khanga chini ya unyayo, shika ncha zote mbili, uvute taratibu. Au simama sakafuni ukandamize kisigino. Kano inavutika, breki inashika, fundo linafunguka.

Hali hii huwapata zaidi waliovuka miaka 50, maana misuli na neva huchoka na umri, na wajawazito, hasa miezi ya mwisho. Dawa nazo zimo: wanaotumia vidonge vya presha vile vya kukojoza, baadhi ya dawa za kolesteroli, pamoja na wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo. Usiache dawa kwa kujiamulia, mweleze aliyekuandikia.

Na ndizi je? Kila mtaa una mtu wa kukwambia ule ndizi, unywe maji, umeze magnesiamu. Ndizi kula, ni chakula kizuri, lakini tafiti za vidonge vya magnesiamu kwa wazee hazikuonyesha nafuu ya maana. Kuna jaribio moja la Marekani la mwaka 2010 linalonifurahisha: vijana waliokazwa misuli ya mguu kwa umeme walipewa funda chache za maji ya matango ya siki na chumvi. Mkazo uliisha ndani ya dakika moja na nusu hivi, mapema kuliko walipokunywa maji matupu, na chumvi ya damu ilikuwa bado haijabadilika. Yaelekea ule ukali kooni ndio uliozinyamazisha neva.

Dawa ya kuogopa ni kwinini. Ndiyo, ile ile chungu ya malaria iliyowaacha wengi wetu masikio yakivuma. Inapunguza mikazo kidogo, lakini inaweza kuangusha chembe za kugandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumike kwa kazi hiyo.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na maumivu hayaachii, huo si mkazo wa kawaida. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mkazo wa kawaida, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 uliwachukua watu wenye zaidi ya miaka 55 wakawa wananyoosha misuli ya miguu kabla ya kulala kwa wiki sita, na mikazo ikapungua. Kwa shavu la mguu haihitaji kifaa: simama mkabala na ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kisibanduke sakafuni, egemea mbele hadi usikie shavu linavutika. Ukishapanda kitandani, chomeka chandarua, ila upande wa miguuni kiachie nafasi.