"Imewaka, basi imekubali": dhana potofu kuhusu kuovakloki prosesa

Wapitie vijana wanaounda kompyuta za mezani Kisumu, kuanzia maduka ya Oginga Odinga Street hadi vibanda vya Kondele, na utasikia ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa (ubongo wa kompyuta) ifanye kazi kwa kasi kuliko ya kiwandani, ikisimuliwa kwa namba moja tu: gigahazi, kipimo cha kasi hiyo. "Yangu nimeifikisha 5." Haulizwi imekaa hapo kwa muda gani, ikifanya kazi gani, na chumba kikiwa na joto kiasi gani. Kasi bila majibu hayo ni majigambo tu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kompyuta ikiwaka na Windows ikafunguka, kasi mpya imekubali. Kuwaka ni kazi nyepesi mno kuwa ushahidi. Ndani ya prosesa, kila mpigo wa saa unazipa ishara za umeme muda mfupi sana wa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ukiongeza kasi umeufupisha muda huo. Ishara zinazopita njia ndefu zaidi zikichelewa kidogo, prosesa inasoma jibu lisilokamilika na kuendelea na hesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa hilo likiangukia mahali nyeti, utaona skrini ya buluu ambayo Windows huionyesha inapokwama, na hiyo ni bahati nzuri kwa sababu angalau umejua. Likiangukia kwenye faili, unaweza kugundua baada ya miezi kwamba faili la zipu ulilohifadhi halifunguki, au video ya harusi ya mteja ina doa la kijani katikati.

Ndiyo maana programu nzuri za majaribio haziishii kuichosha prosesa. Zinakagua majibu yake pia. Prime95 ilitokana na mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne ulioanza mwaka 1996, na katika hali ya majaribio inapiga hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Jibu likitofautiana, inaisimamisha kori iliyokosea (kori ni kimojawapo cha vitengo vya hesabu ndani ya prosesa) na kukutajia. Kompyuta inaweza kuwa bado inawaka vizuri, muziki unacheza, kipanya kinasogea, na kori moja imeshafeli. Kwa mwenye prosesa iliyoongezwa kasi, hiyo tayari ni feli. Hakuna "imefeli kidogo".

Kuna pia makosa ambayo prosesa huyasahihisha yenyewe bila kukusumbua. Windows huyaandika kwenye Event Viewer, daftari lake la matukio, upande wa System, kwa jina WHEA-Logger. Wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo. Ukikuta tukio namba 19 likijirudia, yaani kosa la maunzi lililosahihishwa, ujue umefika ukingoni hata kama hujawahi kuona skrini ya buluu.

Dhana inayofuata huwanasa hata wajuzi: kwamba mashine iliyohimili mzigo mzito usiku kucha haiwezi kushindwa na mzigo mwepesi. Kwa prosesa za zamani zilizofungiwa kasi moja, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Za sasa, hasa Ryzen za kampuni ya AMD, hupanda kasi yake ya juu kabisa pale kori moja au mbili tu zinapofanya kazi. Kori zote zikishughulika, kasi inashuka ili joto na wati zisivuke mipaka. Kwa hiyo mtu aliyepunguza volteji kupita kiasi kwa Curve Optimizer, mpangilio wa AMD wa kurekebisha volteji, anaweza kupita jaribio la muda wa saa nane, kisha mashine ikajiwasha upya akiwa anasoma habari tu. Akiona hivyo anailaumu stima, au anailaumu Windows. Jaribu kori moja moja, kisha iache mashine ikae bila kazi, uiamshe, uifanyie shughuli zako za kawaida kwa siku kadhaa kabla ya kutangaza ushindi.

Na jaribio lifanyike mchana. Kisumu, jaribio la usiku halikuambii chochote kuhusu saa nane mchana, hasa kama chumba chako kimeezekwa mabati bila dari. Kipozaji cha hewa, na hata cha maji, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba; kinachofanya ni kupunguza pengo kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Chumba kikipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, prosesa nayo itapanda kwa karibu kiasi hichohicho. Wanaodhani kununua kipozaji cha maji ni kama kuiwekea kompyuta friji wanalipia kitu kisichokuwepo.

Hapo huibuka hoja kwamba watu wa Nakuru wana bahati kwa sababu ya baridi. Ni kweli, ila si yote. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni dogo kwa takribani sehemu moja ya tano kuliko Mombasa. Feni inazunguka vilevile, lakini hewa inayosukumwa nayo ni nyepesi na inabeba joto kidogo. Ubaridi wa chumba kwa kawaida hufidia upungufu huo na kuzidi, kwa hiyo mtu wa Nakuru bado yuko mbele ya mtu wa Kisumu, ingawa si kwa kiasi kile ambacho kipimajoto cha ukutani kinaahidi.

"Joto ndilo linaloua prosesa." Hili ni nusu ya ukweli. Prosesa za leo hujilinda: nyingi za Intel hupunguza kasi zikifika nyuzi 100 hivi, na Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 95. Kinachozila polepole ni volteji ya juu, na joto huiharakisha kazi hiyo. Fanya hesabu. Nguvu ambayo saketi inatumia inapobadilisha hali hufuata kasi, lakini hufuata volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Chukua prosesa inayofanya 4.0 GHz kwa volti 1.20, uipandishe hadi 4.4 GHz kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 10. Nguvu, ambayo yote huishia kuwa joto, imeongezeka kwa karibu asilimia 39, kabla hata hujahesabu umeme unaovuja. Iliyokuwa na wati 95 sasa inataka zaidi ya 130. Ndiyo sababu sina imani na kile kitufe cha kuongeza kasi chenyewe ambacho watengenezaji wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) hupenda kukiweka kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Kwa kawaida hutupa volteji nyingi kuliko inayohitajika, kwa sababu mtengenezaji hajui chipu yako ni nzuri au dhaifu na hataki ionekane imegoma. Panda mwenyewe, hatua moja ya kizidishi (namba inayozidishwa na kasi ya msingi kupata kasi ya prosesa) kwa wakati mmoja, volteji ukiiongeza kidogo kidogo, na usome volteji iliyopo prosesa ikiwa kazini, kwa sababu hiyo mara nyingi hutofautiana na uliyoandika kwenye BIOS.

Kwamba kompyuta yoyote inaweza kuovaklokiwa? Hapana. Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) zinazojaa madukani zina prosesa kama i5-3470 na i5-4570, ambazo kizidishi chake kimefungwa, na BIOS zake hazina ukurasa wa kukibadilisha. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina pamoja na chipseti (chipu ya mazabodi inayoratibu vifaa) ya Z. Kwa AMD, Ryzen nyingi ziko wazi, lakini chipseti za A320 na A520 haziruhusu. Mwenye OptiPlex atapata faida kubwa zaidi kwa SSD (diski ya kasi) na kipande cha pili cha RAM (kumbukumbu ya muda).

Dhana tulivu kuliko zote ni ya yule asemaye, "Yangu sijaigusa, kwa hiyo iko salama." Ukiwasha XMP, mpangilio wa BIOS wa kasi ya RAM, ili RAM ifikie kasi iliyoandikwa kwenye boksi, umeovakloki tayari, na mara nyingi kero inayodhaniwa ni ya prosesa hutoka huko, kwa hiyo pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha kuna kisa cha prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo za mezani zilikuwa zikipewa volteji iliyozidi na kuharibika, hata kwa watu ambao hawakubadilisha chochote. Marekebisho ya maikrokodi, programu ndogo ya ndani ya prosesa, yalianza Agosti mwaka huo na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya. Chipu iliyokwisha kuathirika haiponi. Ukinunua moja ya mtumba, sasisha BIOS kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa joto la huku ziwani, ushauri wangu kwa wengi ni kwenda upande wa pili: acha kasi ilivyo, punguza volteji hatua kwa hatua, na ujaribu kwa ukali uleule. Prosesa ikipata nafasi ya joto hupanda yenyewe, na feni hunyamaza.

La mwisho ni hofu ya kwamba mpangilio mbaya kwenye BIOS umeua mazabodi. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kubadilisha kizidishi, kwa kawaida hakuna kilichokufa. Bodi nyingi hujirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani baada ya kushindwa kuwaka mara chache. Isipofanya hivyo, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe, kisha uwashe.