Diski Ikianza Kukohoa, Siri Zako Zimelala Wapi?

Jumamosi maabara ya chuo chetu hapa Mombasa huwa wazi kwa umma, na mwenye kompyuta iliyomshinda huja nayo. Jumamosi moja aliingia kijana amekumbatia laptopu kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ni karani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ankara, nakala za pasipoti na hati za shehena za wateja, zote zimo humo. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, diski yake ni ile ya kuzunguka ya GB 500, na ndani imewekwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta.

"Mwalimu, imegoma kuhifadhi. Kila nikiandika inaniambia ni ya kusoma tu."

"Umeshaifanya nini mpaka sasa?"

"Wenzangu waliniambia nipige fsck. Nimepiga mara tatu."

Nikamwomba aondoe mikono kwenye kibodi, tunywe kahawa kwanza.

Wengi wanaotumia Linux huijua amri ya fsck kabla ya kuijua amri nyingine yoyote ya diski, na hapo ndipo madhara huanzia. Fsck ni kama karani wa daftari: kazi yake ni kuhakikisha hesabu za mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili ndani ya diski, zinalingana. Akikuta jina la faili lisilo na mahali, hulifuta, na faili lisilo na jina hulitupa kwenye folda ya lost+found. Hajui kama karatasi ya daftari yenyewe inaoza, na kila anaposahihisha anaandika juu ya karatasi hiyohiyo. Diski ikiwa nzima na umeme ulikatika tu katikati ya kazi, fsck ni dawa. Diski ikiwa inakufa, fsck huiharakisha. Na usiipige kamwe kwenye diski iliyopachikwa, yaani iliyofunguliwa na mfumo na inayotumika. Hapo utavunja hata kilichokuwa kizima.

Kule kugoma kuandika nako si ukaidi. Ubuntu imepangwa hivi: ikikuta hitilafu katika mfumo wa faili wa ext4, ule wake wa kawaida, hurudisha diski katika hali ya kusoma tu ili kuzuia uharibifu usienee. Yaani kompyuta ya kijana ilikuwa inajilinda, yeye akawa anaisukuma.

Basi tukaanza pale panapostahili, kwa kuiuliza mashine imeona nini. Amri ya sudo dmesg huonyesha maneno ya kiini cha Linux chenyewe, na pale tukaona mistari ya "I/O error" imejipanga, yote ikiitaja sda, jina ambalo Linux iliipa diski yake. Hiyo ina maana kuwa malalamiko hayatoki kwenye mfumo wa faili, yanatoka chini zaidi, kwenye chuma. Tukaingiza flashi yenye Linux ya kuwashia, tukawasha kutoka huko ili diski yake isiguswe, kisha tukaandika:

sudo smartctl -a /dev/sda

Amri hii huja na kifurushi cha smartmontools. Humfanya diski asome hali yake mwenyewe, kwa mfumo uitwao SMART uliomo karibu katika kila diski ya leo. Jibu la kwanza lilikuwa PASSED. Kijana akashusha pumzi. "Basi ni nzima!"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Neno PASSED linasema tu kwamba diski haijafika kiwango ambacho kiwanda kimekiita cha kufa, na viwanda havina haraka ya kuziita diski zao mfu. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya nusu ya zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha chochote katika dalili nne kuu za SMART. Kwa hiyo ukimya wa SMART si cheti cha afya. Lakini SMART ikisema, isikilizwe: uchunguzi uleule uliona kwamba diski iliyotoa kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa.

Shuka chini ya PASSED, kwenye jedwali lenye namba upande wa kushoto. Mimi hutazama namba 5 na namba 197 kabla ya kitu kingine. Namba 5 ni hesabu ya sekta, yaani vipande vidogo vya uso wa diski, ambazo diski imezihukumu kuwa mbovu ikazibadilisha kwa sekta za akiba. Namba 197 ni sekta zilizoshindikana kusomwa na bado hazijaamuliwa, na humo ndimo faili zako zinapoteseka. Safu ya kuangalia ni ya mwisho kulia. Ya kijana ilisoma 48 kwenye 197. Mtu asikudanganye kwamba 48 ni kidogo kati ya mamilioni ya sekta. Kilicho muhimu ni kama inapanda, na yake ilipanda tulipokuwa tunaitazama.

Namba 199 ina habari tofauti kabisa: huhesabu makosa ya safari kati ya diski na kompyuta. Ikipanda hiyo peke yake, shuku waya, si diski. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula viunganishi vya chuma pole pole, na nimewahi kuiona kompyuta ya mezani katika ofisi inayotazama bahari ikibadilishiwa diski mara mbili bure, kumbe kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na kompyuta, ilikuwa imeota kutu kwenye meno. Kebo hiyo haifiki bei ya sahani ya biriani.

Na kuna wale wanaokuja wakisema diski imejaa ilhali wanaona nafasi ipo. Hao mimi huwajibu haraka: df -h kwa nafasi, df -i kwa inodi, yaani nafasi za kuandikishia faili, maana faili ndogondogo nyingi huweza kumaliza inodi kabla ya nafasi kwisha. Ext4 nayo hujitengea asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Na faili uliyoifuta lakini programu bado imeishikilia haiachii nafasi mpaka programu ifungwe.

Turudi kwa mgonjwa. Diski ikishaonyesha dalili za 197, kazi ni moja: kunakili kila kitu kabla ya kujaribu kutengeneza chochote. Chombo ni ddrescue. Sifa yake ni kwamba hachimbi shimo moja mpaka afe. Husoma kwanza sehemu rahisi zote, zile ngumu huziwekea alama na kuzirudia baadaye. Alama hizo huandikwa kwenye faili la ramani, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Tulifanya hivi:

sudo ddrescue -d -n /dev/sda picha.img picha.map

kisha tukarudia na -r3 badala ya -n, yaani jaribu sehemu ngumu mara tatu. Picha, yaani nakala kamili ya diski, ilihifadhiwa kwenye diski ya nje kubwa kuliko ya kwake. Kabla ya kubonyeza, tulipiga lsblk, amri ya kuorodhesha diski, mara mbili na kila mmoja akasoma kwa sauti ipi ni ipi, kwa sababu ukigeuza chanzo na mahali pa kupokelea umejichimbia kaburi. Fsck ilikuja baadaye, ikapigwa juu ya nakala ya picha, si juu ya diski.

Wakati ddrescue ikihesabu, nikamuuliza: kabla ya kuja hapa ulifikiria kuipeleka wapi? Akataja fundi mmoja mtaani. Nikamuuliza kama hakuogopa karatasi za wateja.

"Karatasi labda. Lakini mazungumzo yote niko Signal, Mwalimu. Hiyo hata serikali haifungui."

Signal ni programu ya ujumbe, na hapo ndipo nilipoona kwamba somo la diski na somo la usalama wa ujumbe ni somo moja, ila tunalifundisha katika vyumba viwili.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ujumbe wa kutoka Kisauni kwenda Tudor unaweza kutoka nje ya nchi kwa nyaya zilizolala chini ya bahari, kama TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009, ukapita kwenye seva za mbali, ndipo urudi ng'ambo ya pili ya daraja la Nyali. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani kuufunga ujumbe usomwe na mtumaji na mpokeaji tu, umewekwa kwa ajili ya safari hiyo. Wote walio katikati, wenye nyaya na wenye seva, wanaona mtungi uliofunikwa. Kwa hilo Signal inastahili sifa yake. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi, na mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilipoidai taarifa za mtumiaji, ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na ya mara ya mwisho kuunganishwa. Hiyo ndiyo aina ya ushahidi ninaoupenda: kampuni haikuahidi tu kutotoa, haikuwa na cha kutoa.

Lakini kata ni simu yako na simu ya mwenzako. Ukiunganisha laptopu, umeongeza kata ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mezani mbele yetu ikikohoa.

Signal ya kompyuta kwenye Linux huweka mazungumzo katika folda ya ~/.config/Signal, ndani ya hifadhidata iliyosimbwa. Kwa miaka mingi ufunguo wa hifadhidata hiyo ulikaa wazi, kwenye faili la config.json, folda ileile. Ni kama kufunga duka kisha ufunguo ukautundika kwenye kitasa. Watu walilalamika hadharani tangu 2018, na ni mwaka 2024 tu ndipo programu ilipoanza kuukabidhi ufunguo kwa hifadhi ya siri ya mfumo wenyewe, ile inayofunguka kwa nywila yako ya kuingilia. Signal wenyewe walikuwa na hoja kwamba kulinda diski ni kazi ya mfumo wa kompyuta, si ya programu ya ujumbe. Naikubali hoja hiyo nusu. Mtumiaji wa kawaida hakuambiwa kwamba mpaka umewekwa hapo.

Tena ukiokoa data, mabadiliko hayo yana bei yake: kunakili folda ya Signal peke yake kwenda kompyuta nyingine hakutoshi tena, kwa sababu ufunguo umebaki kwenye hifadhi ya siri ya kompyuta ya zamani.

Ila shimo kubwa la kijana wetu halikuwa hilo. Kila hati aliyotumiwa na mteja kwa Signal aliipakua ili aichapishe. Tulipofungua picha ya diski, zilikuwa zimejaa kwenye folda ya Downloads, pasipoti kwa majina ya wenyewe, bila kusimbwa hata kidogo. Fundi yeyote angezikuta bila hata kutafuta.

Programu nyingine zina milango yake. WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mwisho hadi mwisho mwaka 2016, lakini nakala rudufu inayopanda Google Drive ni habari nyingine. Uwezo wa kuisimba ulikuja 2021 na mpaka uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Telegram watu huisifia siri, ilhali mazungumzo yake ya kawaida hayasimbwi mwisho hadi mwisho. Ni yale ya siri tu, na programu yake ya Linux haiyatoi hata hayo. Hata kwenye Signal na WhatsApp, ile namba ya tarakimu 60 ya kuthibitisha kwamba unazungumza na mwenzako kweli, ni wangapi wameilinganisha? Ni kazi ya dakika moja mkiwa barazani, simu moja ikisoma alama ya nyingine.

Wapenzi wa Linux tunajibu haraka: tumia programu huria, msimbo uko wazi. Machi 2024 tulipata funzo. Katika xz, chombo kidogo cha kubana faili kinachotumiwa na karibu kila Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikutwa na mlango wa siri uliopandikizwa na mtu aliyejijengea imani ya mradi kwa miaka zaidi ya miwili. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Uwazi ulisaidia, maana aliweza kufuatilia hadi kwenye chanzo. Lakini uwazi ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia. Kwa hiyo pakua Signal kutoka kwenye ghala lake rasmi la Debian na Ubuntu, si kwenye kiungo ulichotumiwa, na usasishe.

Na kwa anayeshika karatasi za watu wengine, hili si la hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data za watu, zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenye data, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Laptopu iliyoachwa kwa fundi ikafunguliwa ni uvujaji kama mwingine.

Tiba ni kuisimba diski nzima siku ya kuweka Linux. Kwenye Ubuntu ni chaguo moja la kutia alama wakati wa usakinishaji. Nyuma yake kuna LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski. Ila ukifanya hivyo, toa nakala ya kichwa cha LUKS, sehemu inayohifadhi funguo zake, uiweke nje ya diski:

sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img

badala ya sda3 weka sehemu ambayo lsblk -f inaiita crypto_LUKS. Sekta mbovu ikiangukia kwenye kichwa hicho, hata nywila sahihi haikufai kitu. Na ukibadilisha nywila, toa nakala mpya na uiharibu ya zamani, kwa sababu kichwa cha zamani bado kinakubali nywila ya zamani.

Saa kumi jioni ddrescue ilimaliza. Ilipotea sehemu ndogo tu, nyingi ikiwa faili za mfumo. Kijana akanunua diski mpya Jumatatu, akaja tukaiweka pamoja, akatia alama kwenye chaguo la kusimba bila kukumbushwa. Kisha akainua ile ya zamani. "Na hii?"

Diski yenye sekta mbovu huwezi kuwa na hakika kwamba imefutika yote. Tukavuka barabara kwa seremala, akaitoboa kwa keekee mara tatu, akatuuliza kama tunataka na skrubu zake.