Simu moja, kadi za karatasi na watoto 78: mambo tunayodanganyana kuhusu teknolojia darasani

Nafundisha darasa la tano, shule ya serikali, watoto 78, soketi moja na yenyewe imelegea. Nikiwaambia walimu wenzangu kwamba natumia simu kuwafanya watoto wajuane, wasikilizane na waweze kutaja wanachojisikia, napewa majibu yaleyale kila siku, basi leo nayaweka hapa moja moja.

"Hayo ni ya inglishi midiamu, kila mtoto na kishikwambi chake."

Hapana jamani. Kwetu mwanafunzi akikutwa na simu ni kesi, mzazi anaitwa, kwa hiyo kifaa ni kimoja tu cha mwalimu na kinatosha kabisa. Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 si walimu walipewa? Vingine naona kazi yake ni tamthilia tu.

Kuna apu inaitwa Plickers. Mtoto anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi kama ile QR ya kulipia dukani, kila kadi ina namba yake, na pembeni kuna A, B, C na D zimeandikwa kwa herufi ndogo mno hata jirani yake hawezi kuona kajibu nini. Anaigeuza mpaka herufi anayoitaka iwe juu, ananyanyua, mimi napitisha kamera darasa zima kama mtu anayepiga video ya harusi na majibu yanajipanga yenyewe kwenye simu. Seti ya kawaida ni kadi 40, unaipakua bure, gharama yako ni kuprinti tu. Mimi nimewagawa wa dirishani 39 na wa mlangoni 39, wanapokezana kadi. Kosa nililofanya mwanzoni nikazilamineti kwa ile plastiki inayong'aa, jua la dirishani likipiga kamera haisomi kitu, ikabidi niprinti upya nibandike kwenye maboksi ya biskuti.

Jumatatu na Alhamisi asubuhi swali ni moja: umekujaje leo? Majibu nimeyatoa kwenye chati ya rangi nne ya watu wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani, nyekundu ni hasira au wasiwasi, njano ni furaha ya kuruka, bluu ni huzuni au mwili kuchoka, kijani ni utulivu. Rangi nne, herufi nne, imekaa kama ilipangwa. Mwanzoni wote walichagua njano maana walidhani kuna jibu sahihi la kumfurahisha madam, ilichukua kama wiki tatu ndo wakaanza kusema kweli.

Na hapo ndo nikaona kadi namba 17 ya kundi moja ni bluu, bluu, bluu tena, na namba 17 ndiye mchekeshaji wa darasa, yaani yule ambaye ukiniuliza nani ana shida ningemtaja wa mwisho. Sikumuita mbele wala sikumuuliza darasani, nilimwomba tu anisindikize kuchukua chaki na tukiwa njiani akasema mwenyewe kwamba mdogo wake kapelekwa kwa bibi na nyumbani siku hizi hakuna wa kucheza naye. Sasa hilo simu isingeniambia hata ningeikodolea macho mwaka mzima, ilichofanya simu ni kuniambia nimwangalie nani.

"Hisia zinakula muda wa masomo, mtihani unakuja."

Hii nawaelewa, nami nina presha ya matokeo. Ila mwaka 2011 ulitoka uchambuzi mkubwa uliokusanya programu 213 za shule za kufundisha hisia na kuishi na wenzako, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000, na waliofundishwa mambo haya walipanda kimasomo kwa pointi 11 za asilimia kwenye mpangilio wa wanafunzi ukilinganisha na wenzao. Sehemu kubwa ni shule za Marekani, sitaki kudanganya kwamba ni Kwimba au Kilwa, lakini pia hakuna mahali mtoto mwenye hofu anashika hesabu za sehemu. Zoezi langu lenyewe ni dakika tano, mahudhurio tu yanachukua zaidi.

Na wanaosema ni mambo ya kizungu, someni orodha ya CASEL, lile shirika la Marekani la mafunzo ya hisia na mahusiano shuleni, lililoanza 1994: kujitambua, kujimudu, kuwaelewa wengine, kuhusiana vizuri na watu, kufanya maamuzi ya kuwajibika. Bibi yangu hajawahi kusikia neno apu na alikuwa anatudai hayo yote matano kabla ya chai.

"Weka pointi na nyota, watoto watajirekebisha."

Hapa nimeungua mwenyewe. Kuna apu kama ClassDojo, ipo tangu 2011, unampa mtoto pointi akifanya vizuri na unaweza kumkata. Mimi sikuwa nayo hata, nilitengeneza jedwali langu la nyota nikawa nalirusha kwenye grupu la wasap la wazazi kila Ijumaa, majina yote 78 toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Wiki ya pili binti mmoja hakuja shule siku tatu kwa sababu mama mwingine alimwambia sokoni "wewe ndo wa nyota sifuri eeh". Nilienda kwao kuomba radhi. Ubao wa nyota unajenga mashindano, na anayeshika mkia kila wiki anajifunza kwamba pale si kwake. Siku hizi nahesabu za darasa zima kwa pamoja, wakifika 100 tunatoka kusoma hadithi chini ya mwembe.

"Tayari tuna grupu la wazazi, jamii ipo."

Grupu lenu ni la michango na salamu za asubuhi zenye maua, tuseme ukweli. Langu lilibadilika nilipoacha kuandika matangazo marefu nikaanza kutuma voisi ya nusu dakika, watoto wenyewe wanaongea, kila wiki kikundi kimoja kinasema walichosaidiana. Wazazi wasiosoma vizuri ndo wa kwanza kujibu.

Ila picha, taratibu! Kenya mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi milioni 4.55 za kule kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zile picha za mtoto analia anapokea viatu vya msaada, mzazi aliridhia lini?

"Sanduku la maoni bila majina litamfungua kila mtoto."

Litafungua na matusi pia. Darasa langu siku ya kwanza lilitoa majina ya utani ya wenzao, basi. Majina yafichwe kwa watoto wenzake, mwalimu ayajue.

"Apu itashughulika na matatizo yao."

Haishughuliki. Kadi ikileta jambo zito, kupigwa au kuguswa vibaya, usilifanyie mjadala darasani wala kwenye grupu, kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, na wenzetu Kenya wanatumia hiyohiyo 116.

Wiki iliyopita umeme ulikatika tangu usiku na simu yangu ilikuwa na asilimia 2. Nikasema leo hakuna kadi, toeni madaftari. Kimya kidogo, halafu namba 17 akasema, "Madam, si tufumbe macho tunyooshe vidole? Mimi leo kijani."

Hakufumba hata macho.