Simu yalia, mtu ashika, sauti hamna: msinunue spidi, angalieni poti

Jamani, hizi simu za mezani zinazopita kwenye intaneti, nimechoka kuambiwa shida yake ni neti mbovu. Naingia ofisi ya klaringi na fowadingi mjini, naingia hoteli Nyali, kote nakuta wameshaongeza spidi, pesa zimeenda, na bado simu yalia, mtu ashika, halo halo, mmoja asikia mwengine kimya. Halafu naambiwa, "Lakini fundi, poti 5060 iko wazi, tumeangalia."

Hapo ndipo penye shida. Poti ni kama mlango wenye namba wa kupitishia data, na watu wamefanya 5060 ndio simu yenyewe, na sio. 5060 ni ya SIP, na SIP kazi yake ni kuliza simu, kukubaliana na kukata. Ni kama manamba pale Mwembe Tayari, aita abiria na kuwaonyesha gari lakini hakuna anayesafiri juu ya manamba. Sauti yasafiri kwa RTP, utaratibu mwengine wa kubebea sauti, na RTP hutumia poti nyengine kabisa za UDP (njia ya kutuma data bila kungoja jibu), zachaguliwa upya kila simu kutoka kwa safu iliyopangwa kwenye seva, mashine inayounganisha simu zenu. Faili ya mfano ya Asterisk, programu ya seva ya simu, imeweka 10000 mpaka 20000, seva nyengine zina zake, kwa hivyo msikariri namba, angalieni ya kwenu.

Sasa sikizeni vizuri. Simu ikianza, ndani ya ujumbe wa SIP mna SDP, maelezo ya sauti ipite wapi, na humo simu yataja anwani na poti ya kupokelea sauti. Lakini simu iko nyuma ya rauta, anwani inayoijua ni ile ya ndani, 192.168 nini nini, basi seva ya nje ikiifuata vile vile yatuma sauti mahali pasipofikika. Wewe wasikika manake pakiti zako, vile vipande vya sauti, zatoka bila shida, za mwenzio ndizo hazikufikii. Hata ununue 100 Mbps itabaki hivyo hivyo, na simu moja ya G.711, mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa data, haifiki hata 100 kbps kila upande! Dawa ni seva ipangwe itume sauti kule pakiti zinakotokea, ama simu iulize seva ya STUN, poti 3478, ijue anwani yake ya nje. Na hiyo SIP ALG kwenye rauta zimeni. Mimi naizima kila ninapoingia, yajidai kurekebisha anwani ndani ya SIP na mara nyingi ndio yaziharibu.

Mwengine atasema basi fungua poti zote yaishe. La, tafadhali! 5060 ukiiachia dunia nzima, programu za wezi zitaigundua na kuanza kujaribu paswedi za ekstensheni zenu, yaani namba za ndani za simu, usiku kucha, wakipata moja wanapiga nje ya nchi na bili yaja kwenu. Seva ikiwa ofisini, ruhusuni anwani za mtoa huduma wa simu peke yake. Seva ikiwa nje, simu zenu zajisajili zenyewe kutoka ndani, kwa kawaida hakuna poti ya kufungua kwenye rauta hata moja.

"Mbona WhatsApp yafanya?" Manake nayo huanza kutoka ndani, na njia ya moja kwa moja ikigoma sauti hupitishwa kwa seva za kati, yote wameshawapangia. Simu za mezani mwazipanga wenyewe.

Na hii ya simu kukatika baada ya nusu dakika, mkasema neti imepotea. Kama ni sekunde 32 kila mara, hiyo ni SIP: upande uliopokea ulituma 200 OK, yaani "nimeshika", ukangoja ACK, yaani "nimepata", haikufika, ukakata. Neti ikipotea yenyewe hupotea wakati wowote. Kwa hivyo kabla hamjalipia kifurushi kikubwa zaidi, pigeni simu tatu, mshike saa, mniambie kila moja ilikatika sekunde ya ngapi na nani hakumsikia nani.