Kipunjabi si Kihindi kilichopindishwa

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti Kipunjabi, lugha ya eneo la Punjab lililogawanyika kati ya India na Pakistani, ni lahaja ya Kihindi isiyo na maandishi yake, na anayeitwa mwandishi wa riwaya za Kipunjabi huandika Kihindi, kisha hutafsiriwa.

Si kweli. Riwaya zimeandikwa moja kwa moja kwa Kipunjabi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Upande wa India hutumia hati (aina ya herufi) iitwayo Gurmukhi; Pakistani hutumia Shahmukhi, yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi. Ndiyo maana riwaya iliyochapwa Amritsar, India, haisomeki kwa wengi wa Lahore, Pakistani, mpaka ibadilishwe hati, ingawa wakisomewa wanaielewa. Hilo, kwangu, ndilo jambo la kusikitisha kweli katika maisha ya waandishi hawa.

Kihindi hakina toni, Kipunjabi kinazo. Neno linalosikika kama “kora” huwa farasi, mjeledi au mkoma, kutegemea sauti inavyopanda au kushuka.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Geuza noti ya rupia ya India: kuna safu ya lugha 15, na Kipunjabi kimo.

Watu huchanganya kwa sababu Gurmukhi na hati ya Kihindi zote zina mstari juu ya herufi, na Wapunjabi wengi wanajua Kihindi au Kiurdu. Kosa linaeleweka. Ila ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa picha ya noti.